Mwaka Niliowamaliza Mbu

Sisi watu wa Ufipa ya juu tulikuwa na imani moja ambayo hakuna padri wala mwalimu aliyetufundisha, tulizaliwa nayo tu: kwamba homa ni mali ya bondeni. Makao yake yalikuwa Kipili na kandokando ya ziwa, na kule chini kwenye joto la Rukwa. Mtu akiugua huko, ndugu zake walimwambia apande nyumbani kwenye upepo, na homa ingemwacha njiani, kama mbwa asiyetaka kwenda mbali na kwao. Mbu tulikuwa nao, hasa joto lilipoanza kurudi baada ya miezi ya baridi, lakini tuliwacheka. Baba alikuwa akisema mbu wa kwetu ana mafua, akitua mwilini mwako anaota moto tu.

Mimi sikucheka. Mimi nilikuwa na diploma.

Na sikuipata kwa kubebwa na mtu. Niliondoka nyumbani na shuka moja na viatu vya kuazima. Nikakata mkonge Tanga mpaka viganja vikawa kama gome la mti, nikafagia wodi za hospitali, na jioni wenzangu wakienda dansini mimi nilikwenda kukaa darasani na watoto wadogo kuliko mimi. Nikafanya mitihani kama mtu wa nje, nikafaulu. Nikaingia chuo cha afya, nikatoka na diploma, na picha yangu ya siku ile nikiwa na tai bado ninayo. Katika ukoo wetu hakuna aliyefika hapo kabla yangu, na wengi waliofika baada yangu walipita njia niliyoifyeka mimi.

Nilirudishwa mkoani kwetu nikiwa Bwana Afya, nikapangiwa vijiji vya upande wa Mwazye, kwa hiyo nilikaa nyumbani kwa baba. Ila nyumba yenyewe sikuijua. Nilipokuwa mbali, Operesheni ya kuhamishia watu katika vijiji vipya ilikuwa imepita. Boma letu la zamani ng'ambo ya kijito, lenye makaburi ya mababu na mashamba ya matuta ya mviringo tunayofukia nyasi ndani yake, lilikuwa limegeuka mahame. Wazazi wangu niliwakuta katika kijiji kipya, kwenye mstari wa nyumba zilizotazamana kama askari gwarideni, kila moja na kiwanja chake, na ofisi ya kijiji mbele yenye bendera.

Baba alinipokea kwa heshima iliyonifurahisha na kunitia haya pamoja. "Karibu, Bwana Afya," alisema, mbele ya majirani, kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika.

Mwezi ule ule akapanda mdogo wangu kutoka ziwani.

Alikuwa binti wa mwisho wa mama. Aliolewa Kipili na mvuvi, mtu mpole, mrefu, asiyejua kugombana. Walikuwa wamezaa watoto wawili na kuwazika wote wawili kabla hawajatambaa, wote kwa homa. Sasa alikuwa na mimba ya tatu, na mama alikuwa amemtumia ujumbe na kila lori lililoteremka kufuata samaki: njoo uzalie juu. Hapo ndipo roho ya mama ilipokuwa mwaka ule. Hakutaka kitu kingine. Alisali rozari kwa ajili ya jambo hilo moja, kwamba mtoto huyu avute pumzi yake ya kwanza kwenye upepo wa Ufipa.

Alishuka kwenye lori la samaki akinuka dagaa, amekonda uso, tumbo limetangulia. Mama alimkumbatia akalia. Mdogo wangu akacheka.

"Mama, nimefika mzima, unanililia nini? Nipe maji." Kisha akanigeukia. "Na huyu mzungu mweusi ni nani?"

"Shikamoo iko wapi?" nikamwambia.

"Shikamoo, kaka. Lakini hizo soksi zimefika magotini, huoni joto?"

"Hizi ni sare za kazi."

"Kazi gani?"

"Kuua mbu," mama akajibu kwa niaba yangu, na akalisema kwa fahari, kana kwamba ningewaua simba. "Kaka yako amesomea."

Mdogo wangu aliacha kucheka. Alinitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama tangu utoto wetu, na akauliza taratibu, "Kweli wanauawa, kaka? Wote?"

"Wote," nikamwambia. Na nilikuwa na maana hiyo hiyo.

Niliianza kazi kesho yake. Mvua zilikuwa bado, nyasi zilizochomwa milimani zilikuwa zimeanza kuchipua kijani, na joto lilikuwa limeanza kukaa ndani ya nyumba mchana. Huo ndio wakati wake. Anayengoja mvua ndipo apigane na mbu ameshachelewa. Nilizunguka kiwanja chetu chote nikiwa na kikombe cheupe cha bati, nikachota kila maji yaliyosimama. Gudulia la maji ya kuku lilikuwa na viluwiluwi. Kinu kilichotupwa nyuma ya choo kilikuwa navyo. Vyungu ambamo mama alilowekea ulezi wa pombe, vilivyobaki na maji ya kuoshea, vilikuwa navyo tele. Nilimwaga, nikafunika, nikapindua, nikafyeka nyasi mpaka mpaka wa jirani na nikaingia kidogo kwa jirani mwenyewe.

Jirani yetu, mama mmoja mwenye ulimi mkali, alikuja kusimama mlangoni.

"Mama Bwana Afya," alimwambia mama yangu, "amesoma mpaka pwani akarudi kufunika vyungu? Kufunika vyungu si hata mimi ninajua?"

"Unajua lakini hufuniki," mama akamjibu.

Kijijini waliniita Bwana Mbu. Sikujali. Niliomba mafuta machafu ya gari mjini, Mazwi, kwa mzee mmoja Mwislamu mwenye duka na malori, ili niyamwage juu ya maji yasiyoweza kukauka, kwenye bwawa la kunyweshea ng'ombe na mitaroni.

"Bwana Afya, unataka kuwakaanga mbu?" aliniuliza, akiwa amekaa juu ya gunia la chumvi.

"Nawaziba pumzi, Mzee. Mafuta yakitanda juu, kiluwiluwi kikipanda kuvuta hewa kinakosa."

"Masikini. Basi chukua debe. Ukimaliza wa kwenu uje kwangu, mke wangu mdogo analalamika."

"Analalamikia mbu?"

"Analalamikia kila kitu. Wewe anza na mbu."

Kilichonishinda kwa siku kadhaa kilikuwa shimo la baba.

Nyuma ya nyumba, ambapo kiwanja kinateremka kuelekea mbugani, baba alikuwa anachimba udongo wa matofali. Aliuchimba tangu aliposikia ninarudi. Shimo lilikuwa limefika kiunoni na maji yalikuwa yanachuruzika chini yake, ya rangi ya chai, na kandoni matofali mabichi yalikuwa yamepangwa kwa mistari na kufunikwa nyasi, yakingojea kuchomwa. Nilichota kikombe kimoja tu. Sijawahi kuona wingi ule hata katika mabwawa ya mafunzo.

"Baba, shimo hili lifukiwe kabla ya mvua."

Alikuwa ndani yake, miguu mitupu, jembe mkononi. "Shimo lipi?"

"Hilo ulimosimama."

"Hili si shimo," alisema bila kuinua uso. "Hii ni nyumba yako."

Nikateremka nikamwonyesha kikombe. Akavitazama viluwiluwi vikijikunja na kujikunjua.

"Hivi ndivyo?"

"Ndivyo."

"Mbona vinacheza ngoma tu?"

"Vitaota mabawa, baba. Vitaingia chumbani kwa binti yako."

"Mbu wa kwetu..."

"Mbu wa kwenu akimuuma mtu aliyetoka ziwani anaibeba homa ile ile. Hana mafua." Kisha nikamwambia neno ambalo mtu mwenye diploma ana haki ya kulisema: kwamba mimi nyumba ya serikali ningeipata wakati wowote nikiitaka, lakini mjukuu wake hakuwa na pengine pa kuzaliwa.

Alisogeza tope, akaendelea kuchimba. Mimi nikapanda baiskeli yangu nikaenda kukagua vyoo vijiji vya mbele.

Niliporudi mchana wa siku iliyofuata nilimsikia kabla sijamwona. Ilikuwa sauti ya kitu kizito kinachovunjika na kuanguka majini, kisha kimya, kisha tena. Baba alikuwa anayachukua matofali moja moja, anayapasua kwa mgongo wa jembe na kuyasukuma shimoni. Hakuwa na hasira. Alifanya kazi ile kama alivyofanya kazi zote, kwa utaratibu, mstari mmoja hadi mwisho kisha mstari wa pili. Nilivua shati la kazi nikaingia kumsaidia. Tulifukia mpaka jua likaelekea kuzama, na hatukusemezana zaidi ya "sogea" na "shika hapa." Mama alituletea togwa. Mdogo wangu alikuja akakaa kwenye kigoda kutuangalia, mkono juu ya tumbo, na baba aliposhindilia udongo wa mwisho kwa miguu, mdogo wangu akapiga kigelegele kidogo, peke yake.

Baada ya hapo nyumba yetu haikuwa na mbu. Nalisema hili bila kuongeza chumvi. Jioni nilikuwa nikikaa kizingitini, nimekunja suruali mpaka magotini, mikono wazi, nikingoja. Hakuja hata mmoja. Mwenyekiti wa kijiji alikuja akakaa nami, naye akakunja suruali yake, tukakaa pale watu wazima wawili tumeanika miguu kama muhogo. Kwenye mkutano uliofuata alisimama akasema, "Ndugu wananchi, nendeni nyumbani kwa Bwana Afya mkajifunze." Wakaja. Mama aliwatembeza mwenyewe, akafunua vyungu na kuvifunika tena. "Nyumba ya mwanangu haina mbu," aliwaambia, na kwa "mwanangu" sikujua kama alimaanisha mimi au mdogo wangu.

Mdogo wangu alinenepa. Alikula ugali wa ulezi na maharage kama mtu aliyerudi kutoka vitani. Alimshonea mtoto kofia ya sufu, maana alisema watoto wa Ufipa wanazaliwa wanatetemeka. Zahanati ya ziwani ilikuwa imempa kopo la vidonge vya klorokwini, ameze kila wiki mpaka ajifungue, na wiki ya kwanza nilimuuliza kama anameza. Alinionyesha kopo, akalitikisa likalia. Nikaridhika.

Mvua ya kwanza ilinyesha mchana, ya mawe. Kumbikumbi wakaruka, kijiji kizima kikawa nje na ungo na mabeseni, watu wakicheka na kusukumana. Mdogo wangu hakutoka. Nilimkuta amelala, amejifunika mablanketi yote ya nyumba, anatetemeka mpaka kitanda cha kamba kinalia.

"Ni baridi ya mvua," mama alisema, akimkanda miguu. "Ni baridi tu."

Nilimgusa shingoni. Haikuwa baridi.

"Lete kopo lako la dawa," nikamwambia.

"Halipo, kaka."

"Limeisha?"

Alifumba macho. Mama akatazama ukutani. Nikauliza tena, safari hii kwa sauti ya kazini.

"Nilimpelekea baba mtoto," mdogo wangu akasema. "Dereva wa lori alipopita. Wiki ile mliyofukia shimo."

"Ulimpelekea dawa yako?"

"Kule wanalala kwenye mitumbwi, kaka, mbu wanawala kama uji. Dawa zahanati zimekwisha, ananiambia watu wanagawana kidonge. Mimi huku nazifanyia nini? Wewe mbu umewamaliza." Alizungumza kwa kukatika, meno yakigongana, lakini hakuwa anajitetea. Alikuwa ananieleza jambo lililo wazi. "Hakuna hata mmoja. Nilihesabu nikakosa wa kuhesabu."

"Homa ulipanda nayo," nikamwambia. "Ilikuwa damuni tangu Kipili. Dawa ndiyo iliyokuwa imeikalia."

"Homa haipandi mlima," mama akasema taratibu, na alikuwa anamwambia ukuta.

Nilitoka na baiskeli kwenye mvua. Zahanati ya kata iliniwekea vidonge mkononi bila maswali kwa sababu nilikuwa mimi, na nilirudi nimelowa, nikamsagia, nikamnywesha na sukari. Aliitapika ya kwanza. Ya pili ikakaa. Kwa siku mbili homa ilishuka na kupanda, na baba alikwenda nyumba kwa nyumba kutafuta vijana wa kumbeba kwa machela mpaka hospitali ya misheni. Alfajiri waliyokuja na miti ya machela, uchungu ulikuwa umeshamshika, kabla ya wakati wake.

Mtoto alizaliwa jua likichomoza. Alikuwa wa kike, mdogo sana, mwenye nywele nyingi. Alivuta pumzi. Nataka hilo liandikwe mahali, na kwa kuwa hakuna mwingine wa kuliandika naliandika mimi: alivuta pumzi, na mama alimwona. Mkunga tuliyemwita alipoanza kutikisa kichwa, mama alichota maji kwa kikombe akambatiza palepale mkekani, akampa jina la mama yake mzazi. Wakati mvuke wa chai unatoka kwenye nyumba za jirani, alikuwa ameshatuacha.

Mdogo wangu hakulia. Homa ilimwacha jioni ile, kana kwamba ilikuwa imepata ilichofuata, akalala akiwa amelowa jasho, na alipoamka aliuliza kama kofia imemtosha. Mama akamwambia imemtosha. Ilikuwa kubwa, ilimfika puani.

Kijiji kipya hakikuwa na makaburi. Eneo lilikuwa limetengwa na kuwekewa vigingi, lakini hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza kuweka mtu wake pale, na kurudi mahame kulikuwa kumekatazwa, kwa sababu wako waliokwenda kusalimia mashamba yao ya zamani wakabaki huko huko. Baba hakumwomba mtu ruhusa. Alimfunga mtoto kwenye kanga ya mama, akamweka kifuani ndani ya koti lake kuukuu, akachukua jembe, nami nikamfuata. Tulipita mbele ya nyumba ya balozi wa nyumba kumi mchana kweupe. Balozi alikuwa anakarabati mlango. Alituona, akaona jembe, akaona namna baba alivyolishika koti lake. Akageuka kulitazama paa la nyumba yake mpaka tulipopita.

Tulimzika kando ya nyanya yangu mzaa mama, ambaye sasa alikuwa wajina wake. Majani ya mahame yalikuwa marefu kutuzidi. Baba alichimba mwenyewe, hakunipa jembe.

Shemeji yangu alifika wakati matanga yameshaanuliwa. Habari ilikuwa imemfikia ziwani, akapanda lori la kwanza. Alikuja amevaa suruali safi na shati lililopigwa pasi, na alikuwa na afya njema kuliko nilivyomkumbuka: amejaa mashavu, macho meupe. Alipiga magoti mbele ya wazazi wangu. Alikwenda kukaa na mkewe ndani kwa muda mrefu.

Baadaye alitoka akaja nilipokuwa nimesimama, kwenye sehemu tambarare nyuma ya nyumba ambayo nyasi zilikuwa zimeanza kuiotea.

"Shemeji," aliniambia, "wakati huu si wa maneno hayo, lakini nisiposema nitakuwa mtu mbaya. Nilikushukuru moyoni kila siku."

"Kwa lipi, shemeji?"

"Zile dawa." Alifuta uso kwa kiganja. "Dereva aliniambia zimetoka nyumbani kwa Bwana Afya. Mimi na wenzangu wa mtumbwi tulizimeza. Msimu huu watu wamelala kule, wengine wamezikwa, sisi hatukuugua hata siku moja. Nilisema, shemeji yangu amesoma lakini hakutusahau."

Mlango wa jikoni ulikuwa nyuma yake, wazi. Mdogo wangu alikuwa amekaa pale ndani kwenye kigoda, kifua kimefungwa kwa kitambaa kwa sababu ya maziwa, na alikuwa amenikazia macho. Alinitazama tu, kama mtu aliyeweka kitu dhaifu mikononi mwa mwingine.

Nimesifiwa mara nyingi maishani, na sifa zote nilizozipokea nilizistahili.

"Usinishukuru, shemeji," nikamwambia. "Ni kazi yangu. Zilikuwa zimebaki nyingi."

"Mungu akulipe," akasema.

Akarudi ndani, akainama, akamsaidia mkewe kusimama.